Chidambaram: Lala Usiku Mmoja, Ufuate Saa za Hekalu

Hekalu la Nataraja, yaani Shiva, mungu wa Wahindu, akiwa anacheza ngoma, mjini Chidambaram hufungwa kila siku kuanzia kama saa 6 mchana hadi saa 11 jioni. Jambo hili moja ndilo linalowaharibia watu wengi ziara yao. Mgeni hutoka Chennai au Puducherry asubuhi kwa gari la kukodi, husimama njiani kunywa kahawa, hufika saa 5 na nusu, huvua viatu na kuzunguka mbio mbio. Kabla hajaelewa alichokiona, ibada ya mchana imekwisha na watu wanatolewa. Hupiga picha ya mnara, hula, akaondoka.

Mji huu mdogo wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, haupimwi kwa orodha ya vitu vya kutazama. Vitu vyenyewe si vingi. Uzuri wake umepangwa kwa saa: ibada ya machweo, ibada ya mwisho ya usiku, na asubuhi ya pili sanamu ndogo ya yakuti nyekundu inayoonyeshwa kwa dakika chache tu. Anayetaka kuona yote hayo afike mchana, alale usiku mmoja, aondoke kesho yake jioni. Mengine yote ninayoeleza hapa yanatokana na mpango huo.

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika sehemu hizi huja Chennai kwa matibabu, wao wenyewe au wakimsindikiza mgonjwa, na mara nyingi hubaki na siku mbili tatu za kungoja majibu ya vipimo. Siku hizo zinatosha kabisa. Chidambaram ipo kama kilomita 230 kusini mwa Chennai, na treni huchukua saa nne hadi tano. Kosa la kwanza ni stesheni. Dereva wa teksi akisikia "treni" anaweza kukupeleka Chennai Central, kwa kuwa ndiyo kubwa na maarufu, lakini treni za kusini kupitia pwani huondokea Egmore, na nyingine huanzia Tambaram. Soma jina la stesheni kwenye tiketi, umwonyeshe dereva. Kosa la pili ni letu sisi wenye saa za Kiswahili: tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 08:00 ni saa 2 asubuhi na 20:00 ni saa 2 usiku. Hesabu kwa utulivu, hasa ukiwa umechoka.

Viti hufunguliwa kwa kuuzwa siku 60 kabla ya safari, na katika msimu wa sikukuu huisha mapema. Tiketi ya mtandaoni yenye herufi WL ni ya kungojea nafasi. Orodha ya abiria ikitolewa kabla ya treni kuondoka na wewe bado uko WL, tiketi hufutwa yenyewe na pesa hurudishwa. Usipande behewa la viti vilivyowekwa nafasi ukidhani mkaguzi atakuelewa. Basi ndilo kimbilio, na siku hizi mabasi ya kusini huondokea kituo cha Kilambakkam, pembezoni mwa Chennai, kilichofunguliwa mwisho wa 2023. Maelezo mengi ya zamani bado yanawatuma watu Koyambedu. Ukitokea Puducherry ni rahisi zaidi: basi la kawaida kupitia Cuddalore, kama saa mbili.

Malazi yapo karibu na stendi ya mabasi na kwenye barabara zinazolizunguka hekalu, mengi ni vyumba vya kawaida vyenye feni au kiyoyozi. Usishangae nyumba ndogo ya wageni ikikuambia imejaa huku funguo zinaning'inia ukutani. Sheria ya India humtaka mwenye nyumba aandikishe kila mgeni wa nje kwa fomu maalumu ya serikali, na wenye nyumba ndogo wengine hawajajisajili kuifanya kazi hiyo. Nenda hoteli ya daraja la kati, ukiwa na pasipoti na viza mkononi, si nakala tu. Na kwa anayetoka Kenya, Uganda au Kongo, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe na siku 10 au zaidi tangu adungwe kabla ya kuingia India, la sivyo anaweza kuwekwa karantini.

Kuhusu mavazi: wanaume huvua shati wanapokaribia patakatifu pa ndani. Suruali ndefu inakubalika, lakini shuka jeupe la kufunga kiunoni ndilo vazi la heshima, nalo huuzwa katika maduka ya nguo karibu na hekalu. Kikoi cheupe kinafaa vilevile. Kikoi cha rangi kali acha chumbani, maana shuka la rangi kwa Watamil ni vazi la nyumbani na la kazini. Kaptula usivae. Wanawake wafunike mabega na miguu, na mtandio au kanga begani inasaidia. Wasio Wahindu huruhusiwa kuingia hekaluni hapa, na hakuna kiingilio.

Viatu huachwa kwenye vibanda vya nje ya malango kwa rupia chache. Sasa sikiliza: toka kwa lango lile lile uliloingilia. Malango ni manne, yanafanana machoni mwa mgeni, na ukitokea la upande mwingine itakubidi kuzunguka mtaa mzima pekupeku kwenye lami. Saa 6 mchana lami hiyo na mawe ya uani huunguza kweli. Pale pembeni mwa ua hutandikwa mikeka au kupakwa mstari mweupe, fuata hapo hapo. Soksi kwa kawaida hazikatazwi.

Anayejua mahekalu ya Wahindu ya Mombasa, Zanzibar au mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam aanze kwa kuyaweka kando. Yale yamejengwa zaidi na watu wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na mnara wake husimama juu ya chumba cha mungu. Kusini mambo hupinduka: minara mikubwa iko juu ya malango ya nje, na chumba cha mungu chenyewe ni kidogo na kifupi, kimefichwa katikati ya kuta zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Chidambaram ina minara minne ya namna hiyo, kila mmoja una ghorofa saba na urefu wa kama mita 40. Chini ni mawe magumu ya kuchongwa, juu ni matofali na lipu yenye mamia ya sanamu zilizopakwa rangi. Barabara nne zinazozunguka eneo lote la hekalu, yaani East Car Street, South, West na North Car Street, ni pana kuliko nyingine zote mjini kwa sababu ndimo yanamopita magari ya mbao yanayomtembeza mungu siku za sikukuu. Ukifika mchana na kupumzika, saa 10 jioni zizunguke kwanza hizo barabara nne kwa miguu, hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Utaujua mji, utachagua lango lako, na jua litakuwa limepungua.

Ingia kwa lango la mashariki saa 11 linapofunguliwa, lakini usilipite upesi. Humu ndani ya njia ya lango, kwenye kuta za pande zote mbili, kuna vibao vidogo vya mawe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama ngazi, kila kimoja na mchezaji mmoja. Ni mikao 108 ya ngoma iliyoelezwa katika Natyashastra, kitabu cha kale cha sanaa ya maigizo kwa Kisanskriti kinachohusishwa na mwenye hekima Bharata. Wanafunzi wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya Watamil, huja hapa kujifunza: goti limepinda nje vipi, kiganja kimeelekea wapi, uzito uko mguu gani. Malango yote manne yana vibao hivi. Tatizo ni kwamba njia ina giza na watu wanapita, kwa hiyo simama upande mmoja, acha macho yazoee, na anza na safu iliyo usawa wa macho yako. Ukitaka kuvitazama kwa mwanga, rudi asubuhi mapema, jua likiingia moja kwa moja kutoka mashariki. Kwa maoni yangu hivi vibao ndivyo kazi bora kuliko zote za mawe mjini, na ndivyo wageni wanavyovipita bila kugeuza shingo.

Shiva katika mahekalu yake mengi huabudiwa kama linga, nguzo fupi ya jiwe. Hapa huabudiwa kwa umbo la mtu anayecheza. Mkono mmoja una ngoma ndogo, wa pili una moto, wa tatu unasema usiogope, na wa nne unaonyesha mguu wa kushoto ulioinuliwa. Mguu wa kulia unamkanyaga kibeti anayesimamia ujinga. Ukiizoea sura hiyo utaitambua popote, hata Geneva, kwenye kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, ambako serikali ya India ilisimamisha sanamu ya namna hiyo mwaka 2004.

Chumba chake, Chit Sabha, ni cha mbao juu ya jukwaa la mawe, na kinatazama kusini, jambo lisilo la kawaida kwani mahekalu mengi hutazama mashariki. Paa limeezekwa vigae vya dhahabu. Mfalme Parantaka wa Wachola, ukoo wa kale wa wafalme wa Kitamil, katika karne ya 10, anakumbukwa kwa kulifunika paa hilo dhahabu. Makuhani husema vigae ni 21,600 na misumari 72,000. Hesabu ya kwanza si ya kubahatisha: mtu huvuta pumzi mara 15 kwa dakika, zidisha kwa dakika 60 na saa 24, utapata 21,600. Misumari ni mishipa ya mwili kwa mafundisho ya yoga. Yaani paa lile ni mwili wa binadamu unaopumua kutwa nzima, na anayecheza yumo kifuani. Lakini paa halionekani ukiwa umesimama mbele ya chumba. Rudi nyuma uani, tafuta pembe ambapo nguzo hazikuzuii, ndipo utaliona.

Upande wa kulia wa sanamu kuna pazia. Likisogezwa wakati wa ibada, nyuma yake hakuna sanamu yoyote: kuna ukuta na shada za majani ya dhahabu ya mbilva, mti mtakatifu kwa Shiva, zinazoning'inia mbele ya nafasi tupu. Hiyo ndiyo siri ya Chidambaram. Katika mahekalu matano ya Shiva kusini mwa India yanayosimamia asili tano za ulimwengu, Kanchipuram ni ardhi, Tiruvanaikaval ni maji, Tiruvannamalai ni moto, Kalahasti ni hewa, na Chidambaram ni anga. Wengi hulipita pazia hilo wakidhani ni stoo. Subiri hapo.

Uani humo humo kuna chumba cha Govindaraja Perumal, yaani Vishnu, mungu mwingine mkuu wa Wahindu, aliyelala juu ya nyoka. Kuna mahali ukisimama unawaona wote wawili, Shiva upande mmoja na Vishnu upande mwingine, bila kuhama. Uliza kuhani yeyote, atakuonyesha. Mbele kidogo tazama Nritta Sabha, ukumbi wa nguzo 56 uliochongwa kama gari la vita, na magurudumu yake na farasi. Kisha toka hadi bwawa la Sivaganga, ukae kwenye ngazi. Magharibi yake ni hekalu la Sivakami, mke wa Shiva, na dari ya ukumbi wake imechorwa hadithi kwa rangi. Tochi ya simu haisaidii sana, mwanga wa asubuhi ndio dawa.

Ibada ni sita kwa siku. Ile ya machweo huwa kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu hivi, na nyakati husogea siku za sikukuu. Fika dakika 20 kabla, simama mbele ya chumba upande wa katikati, maana watu wakishajaa hutasogea. Kengele kubwa huanza kupigwa, ngoma na zumari vikafuata, na taa za mafuta za daraja kadhaa huzungushwa mbele ya Nataraja moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, ya kafuri. Moto wa kafuri ukiletwa kwako, pitisha viganja juu yake kisha uguse macho. Jivu pokea kwa mkono wa kulia. Picha humo ndani ni marufuku. Minara na ua wa nje unaweza kupiga.

Makuhani, Wadikshitar, ni ukoo wa kurithishana kazi hii, na utawatambua kwa kishungi cha nywele kilichofungwa kuelekea mbele. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu Kabisa ya India iliamua kuwa uendeshaji wa hekalu ubaki mikononi mwao, wala si wa serikali ya jimbo. Hawalipwi mshahara na serikali, ndiyo maana wengine watakufuata na daftari la michango. Hakuna bei. Kama amekueleza jambo na kukuonyesha mahali, rupia 100 ni shukrani ya haki. Kama hutaki, unganisha viganja, inamisha kichwa, endelea na njia yako. Hakuna atakayekusumbua zaidi. Beba noti ndogo za 10, 20 na 50, kwani malipo ya simu ya Wahindi hayafanyi kazi kwa mgeni asiye na mpangilio wake maalumu.

Kula kidogo, kisha rudi saa 3 usiku. Hii ndiyo saa ninayoisifia kuliko zote, na ndiyo ambayo mgeni wa siku moja haipati kamwe. Vikundi vya watalii vimekwisha, wamebaki watu wa mji: wenye maduka waliofunga, bibi na wajukuu, wanafunzi wa chuo kikuu cha Annamalai. Baada ya ibada ya mwisho nyayo za mungu hubebwa kwa machela hadi chumba cha kulala, huku nyimbo zikiimbwa taratibu. Unaweza kufuata nyuma yake kwa heshima. Lango hufungwa kama saa 4.

Asubuhi hekalu hufunguliwa kama saa 12. Vibao vya lango la mashariki kwanza, kifungua kinywa, kisha uwe mbele ya Kanaka Sabha, jukwaa lililo mbele ya Nataraja, ifikapo saa 4. Kati ya saa 4 na saa 5 huoshwa linga ndogo ya jiwe la bilauri, kwa maziwa na vimiminika vingine, halafu huletwa Ratnasabhapati, Nataraja mdogo wa yakuti nyekundu. Kuhani huonyesha moto mbele ya sanamu, kisha huupeleka nyuma yake, na mwili wote unawaka rangi nyekundu kutoka ndani. Huo mwanga wa nyuma ndio jambo lenyewe. Anayesimama pembeni huona kitu cheusi tu, kwa hiyo kaa usawa wa katikati, hata kama ni nyuma ya watu watano.

Chakula cha mji ni cha mboga, hasa karibu na hekalu. Agiza gothsu, rojo la biringanya na ukwaju linaloliwa na idli, yaani mikate midogo ya mchele ya kupikwa kwa mvuke, au na wali. Ndicho chakula ambacho Chidambaram inajivunia. Mchana wali huletwa kwenye jani la mgomba na huongezwa mpaka uzuie. Ukishiba likunje jani kuelekea kwako. Dereva wa bajaji na mhudumu mwite "anna", kaka mkubwa, na mwanamke mwite "akka", dada. Bei ya bajaji patana kabla ya kupanda, na ikiwa ni safari ya kwenda na kurudi taja na muda wa kungoja.

Kilomita moja hivi kaskazini kuna hekalu la Thillai Kali. Masimulizi husema Kali, mungu wa kike, alishindana na Shiva kucheza, akashindwa Shiva alipoinua mguu juu kabisa, akahamishiwa nje ya mji. Sanamu yake imefunikwa unga mwekundu hata uso hauonekani vizuri. Nusu saa inatosha.

Thillai ni jina la mti, mmoja wa jamii ya mikoko, utomvu wake mweupe ukiingia machoni hupofusha. Mji mzima wakati fulani ulikuwa msitu wake, na ule uliobaki upo Pichavaram, kama kilomita 15 mashariki, kati ya midomo ya mito Vellar na Kollidam. Mtu wa Lamu, Rufiji au Pemba atajihisi nyumbani: mkoko wenye mizizi ya matao na mchu wenye mizizi inayochomoza topeni ni ile ile ya kwetu. Tofauti ni matumizi. Kwetu mkoko umekuwa boriti za nyumba kwa karne nyingi. Pale serikali imeulinda, na katika tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 vijiji vilivyokuwa nyuma ya msitu huu viliumia kidogo kuliko vilivyokuwa wazi. Nenda alasiri, wakati hekalu limefungwa, ufike bandari ya mashua kabla ya saa 9 na nusu kwa sababu mashua za mwisho hutoka mapema. Chagua ya makasia. Ya injini ni ya haraka lakini haiingii kwenye mifereji myembamba ambamo matawi hukutana juu ya kichwa, na hiyo ndiyo iliyokuleta. Vaa koti la kuokolea, beba maji na kofia, na patana na mpiga kasia muda kabla ya kuondoka.

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Oktoba hadi Desemba ni mvua za kaskazi na wakati mwingine vimbunga, na treni huchelewa. Aprili na Mei joto hukaribia nyuzi 40. Sikukuu kubwa ni mbili, ya mwezi wa Margazhi, Desemba hadi Januari, na ya Aani, Juni hadi Julai. Katika hizo, siku ya tisa, Nataraja mwenyewe hutolewa chumbani na kukokotwa barabarani, wakati mahekalu mengine hutoa sanamu ya badala. Magari ni matano na kamba huvutwa na umati, kwa hiyo simama kwenye baraza la duka, si barabarani, na chumba uwe umekilipia wiki kadhaa kabla. Wapenzi wa ngoma walenge usiku wa Shivaratri, Februari au Machi, ambapo tangu 1981 wachezaji kutoka India yote huja kumchezea Nataraja kwa siku kadhaa. Kutazama ni bure, lakini viti vya mbele huwa vimekaliwa tangu saa 11 jioni.